Pemba haina matetemeko: kwa nini basi nguzo zinenepeshwe?

Swali limetoka kwa mwalimu wa skuli, Wete, Pemba:

"Assalaam alaykum, Mhandisi. Mimi na kaka zangu wawili walioko Maskati tunajenga nyumba ya ghorofa. Chini maduka, juu ghorofa tatu za kukaa watu. Msingi umekwisha na nondo za nguzo zimeshasimama. Kijana mmoja mhandisi tuliyempa michoro aikague ametwambia jengo halikufanyiwa hesabu ya tetemeko la ardhi. Anataka nguzo zinenepeshwe na ziongezwe kuta za zege. Fundi wetu, mtu mzima aliyejenga miaka thelathini, anasema Pemba haijapata kuangusha nyumba kwa tetemeko, na haya ni mambo ya Wajapani. Kaka zangu wanauliza kama pesa zao zinakwenda bure. Yupi nimsikilize?"

Waalaykumu salaam, Mwalimu. Umefanya vizuri kuuliza kabla zege la nguzo halijamwagwa, maana baada ya hapo jibu langu lingekuwa refu zaidi na la gharama zaidi. Fundi wako hakukosea alipozungumzia ardhi, na kijana wako hakukosea alipozungumzia jengo. Tabu ni kwamba ukweli wa fundi hautoshi kuisimamisha nyumba.

Nianze na ardhi, kwa sababu ndiko fundi alikoshika. Matetemeko makubwa ya Afrika Mashariki huzaliwa kwenye Bonde la Ufa, na kwa Tanzania zaidi ni upande wa magharibi. Tetemeko la Rukwa la tarehe 13 Desemba 1910 lilikuwa na ukubwa wa 7.4, na hakuna lililolishinda katika Afrika Mashariki kwa karne nzima ya ishirini. La Bukoba la tarehe 10 Septemba 2016 lilikuwa 5.9, likaua watu wasiopungua 17 na kubomoa mamia ya nyumba za matofali. Sisi tuko mbali na huko, na ramani zote za hatari ya matetemeko zinatuweka katika daraja la chini. Hilo silipingi.

Lakini kuwa mbali si sawa na kuwa salama moja kwa moja. Tazama mkondo ulio baina ya Pemba na Tanga. Kina chake kinafika kiasi cha mita 800, ilhali baina ya Unguja na bara maji ni ya kina kifupi tu. Bonde lile la baharini halikuchimbwa na mawimbi. Ardhi ilipasuka ikazama, na Pemba ikabaki kama kipande kilichosimama peke yake. Yalitokea zamani sana, mamilioni ya miaka. Hata hivyo ukishuka kusini, kwenye Mlango wa Msumbiji, ufa wa chini ya bahari bado unafanya kazi: mwezi Mei 1985 eneo linaloitwa Ukingo wa Davie lilitoa tetemeko lililovuka 6. Mwaka 2018 majirani zetu wa Mayotte walitikiswa kwa miezi, moja likifika 5.9, na baadaye ikagundulika kwamba volkano mpya inazaliwa chini ya bahari. Na tarehe 12 Agosti 2020, saa mbili na kitu usiku, tetemeko la ukubwa wa kiasi cha 6 lilipiga baharini kusini-mashariki ya Dar es Salaam. Lilisikika Dar, lilisikika Mombasa, lilisikika huku visiwani. Mimi nilikuwa nimekaa ukumbini, nikaona taa inayoning'inia inakwenda na kurudi bila upepo. Watu wa maghorofani Dar walishuka barabarani. Nyumba hazikuanguka, alhamdulillahi, ila chanzo kilikuwa mbali na pwani. Tetemeko hilohilo lingekuwa chini ya mji, tungekuwa na habari nyingine.

Sasa neno "hatari ndogo" lina maana gani? Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza, hata wahandisi. Kanuni za ujenzi za Ulaya, ambazo wengi wetu sasa tunazifuata, huuliza hivi: ni mtikisiko gani ambao una nafasi ya asilimia 10 ya kuzidiwa ndani ya miaka 50? Kwa hesabu, huo ni mtikisiko unaorudi kwa wastani kila miaka 475. Pale jibu linapokuwa chini ya asilimia 8 ya nguvu ya mvutano wa dunia, mahali pale panaitwa pa hatari ndogo. Chini ya asilimia 4 panaitwa pa hatari ndogo sana, na kanuni hizo zinakuruhusu usihesabu kabisa.

Mtu akisikia miaka 475 hucheka. Fundi wako ana miaka thelathini kazini. Ushahidi wake ni wa miaka thelathini, na nyumba yenu itasimama, inshallah, miaka 50 au 80. Mtu anayeishi kwenye nchi tulivu anaweza kuzaliwa, kuzeeka na kuzikwa bila kuliona tetemeko hata moja la kubomoa, na wajukuu zake wakaliona.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha. Katika nchi ya matetemeko mengi kama California, ukilinganisha mtikisiko wa miaka 475 na ule wa nadra zaidi wa miaka 2,475, ule mkubwa unauzidi mdogo kwa kiasi cha mara moja na nusu. Katika nchi tulivu, kama mashariki ya Marekani, unauzidi mara mbili na zaidi, mahali pengine mara nne au tano. Maana yake ni kwamba palipo tulivu, tetemeko likija kweli halitoki nje kidogo tu ya ulichokihesabu, linaweza kukiacha nyuma kabisa. Kwa hiyo kwetu sisi namba ya hesabu haipaswi kuwa mwisho wa kazi. Jengo linatakiwa liwe na akiba: likizidiwa, lipasuke, lipinde, lisimame kwa mashaka, lakini lisiwafunike watu.

Ramani tulivu zimewahi kuuwa. Usiku wa Ramadhani, tarehe 29 Februari 1960, mji wa Agadir kule Moroko ulitikiswa kwa muda usiozidi robo dakika hivi. Ukubwa haukufika 6. Walikufa zaidi ya watu 12,000. Mji uliokuwa pale pale ulishabomolewa na tetemeko mwaka 1731, ila kizazi kile kilikuwa kimeshasahau. Tarehe 30 Septemba 1993, Killari katika jimbo la Maharashtra, India, kwenye eneo lililowekwa daraja la chini kabisa la hatari katika ramani ya nchi hiyo, tetemeko la 6.2 liliua karibu watu 10,000 usingizini, wengi wakiwa chini ya kuta nene za mawe na udongo zilizobeba paa nzito. Na tarehe 28 Desemba 1989 huko Newcastle, Australia, tetemeko la 5.6 tu liliua watu 13. Tisa kwenye jengo moja la klabu, na watatu barabarani, wakiangukiwa na kuta za mbele za maduka na vibanda vyake. Baada ya hapo Australia, nchi tulivu kama yetu, ilikaa chini ikaandika upya kanuni zake. Kenya ilikuwa na kanuni zake za matetemeko tangu 1973, na Uganda iliandika zake mwaka 2003.

Tuje kwenye nyumba yenu, na hapa nitakaa kidogo.

Tetemeko halisukumi nyumba kama upepo unavyosukuma. Mfikirie abiria aliyesimama ndani ya daladala, dereva akaondoa gari ghafla. Hakuna aliyemgusa, ila miguu imekwenda na gari na kiwiliwili kimebaki nyuma. Nyumba ndivyo ilivyo. Msingi unakwenda na ardhi, uzito wa juu unakawia, na nguzo zilizo baina yake ndizo zinazolipa. Kadiri jengo linavyokuwa zito, ndivyo malipo yanavyokuwa makubwa. Na majengo yetu ni mazito: slabu za zege, kuta za matofali ya saruji ya inchi sita kila chumba, plasta pande mbili, na juu ya paa matangi ya maji. Tangi la lita 5,000 likijaa ni tani tano zilizokaa mahali pabaya kuliko pote.

Hukuniletea vipimo, kwa hiyo nitachukua jengo la mfano linalofanana na mlilonieleza: mita 12 kwa 20, kimo mita 13, slabu nne pamoja na ya paa, nguzo 20. Kwa ujenzi wetu kila mita ya mraba ya slabu, pamoja na kuta zake na sehemu ya watu na vyombo, ni kama tani 1.1. Slabu moja inakuja tani 264, zote nne tani 1,056.

Sasa tuchukue, kwa mfano tu, mtikisiko wa asilimia 6 ya mvutano, yaani ndani ya daraja la hatari ndogo, na udongo wa kawaida usio jiwe, ambao huukuza mtikisiko kwa asilimia 15. Jengo la kimo hiki lenye fremu za zege huyumba mara moja kwa kila nusu sekunde hivi, na bahati mbaya ndiyo mwendo ambao udongo wa namna hiyo hupenda kuuchochea, kwa hiyo nguvu inazidishwa mara 2.5. Halafu tunagawa kwa 1.5, kwa kuwa jengo la kawaida lina akiba kidogo, na kupunguza tena asilimia 15 kwa sababu slabu zote haziyumbi kwa pamoja. Inabaki kama asilimia 10 ya uzito. Tani 103 zinazosukuma jengo kwa ubavu.

Zilinganishe na upepo. Ukichukua shindikizo la kilo 100 kwa kila mita ya mraba kwenye ubavu mrefu wa mita 20, unapata tani 26, na ukiongeza kiasi cha usalama, tani 36. Kwenye ubavu mfupi ni tani 22. Na hesabu ya kanuni za zamani za Waingereza, ambazo bado zimo katika ofisi nyingi, inataka jengo lihimili msukumo wa ubavu wa asilimia moja na nusu ya uzito wake wa kudumu, ambao hapa hauzidi tani 16.

Unaona, Mwalimu? Tetemeko linaloitwa dogo linadai mara tatu ya upepo upande mmoja, na karibu mara tano upande wa pili. Mhandisi anayesema "nimeshahesabu upepo, yatosha" anasema kweli kwa mnara mrefu mwepesi. Kwa jengo fupi, nene na zito kama lenu, upepo hautoshi kuwa kinga. Nisiwe mwenye kutia chumvi: jengo hilohilo likikaa juu ya jiwe gumu, na mtikisiko ukiwa nusu ya nilivyochukua, nguvu inashuka mpaka tani 35 hivi, sawa na upepo. Kwa hiyo udongo una sauti kubwa. Vilima vya Pemba si sawa na mabonde yake, na nyumba iliyo karibu na mikoko, juu ya mchanga na matope yaliyoshiba maji, haifai kuhesabiwa kama iliyo juu ya mwamba. Unguja wanaojenga Darajani wangejikumbusha jina la mahali pale: palikuwa na daraja kwa sababu palikuwa na maji, na ardhi ile imejazwa.

Tani 103 zikigawiwa nguzo 20, kila moja inabeba kama tani 5 za ubavu, na kwa kimo cha chumba cha duka cha mita 3.5 nguzo inapindwa kwa kiasi cha tani-mita 9, yaani kama tani 9 zilizoning'inizwa kwenye ncha ya mkono wa mita moja. Nguzo ya sentimita 23 kwa 23 yenye nondo nne za milimita 16, hii tunayoiona kila mtaa, haifiki hata nusu ya hapo. Tena nguzo ya katikati tayari ina tani 88 za kubeba kutoka juu, na hizo peke yake zinaishinda. Ndiyo maana nasema kijana wako hata asingetaja tetemeko, angekuwa na haki ya kutaka nguzo zinenepeshwe. Nguzo ya 30 kwa 40 yenye nondo nane za 16 inaubeba mzigo huo wote bila tabu.

Ila unene si jambo linalonitisha zaidi. Linalonitisha ni maduka.

Ghorofa za juu zina kuta za matofali kila upande. Kuta hizo, ingawa hazikuhesabiwa, zinalikaza jengo kama sanduku. Chini kuna milango ya maduka, wazi kutoka nguzo mpaka nguzo. Jengo likisukumwa, sanduku la juu halipindi. Kupinda kote kunakwenda kwenye ghorofa moja ya chini, kwenye miguu. Mnaweza kuona picha za Uturuki, Februari 2023, majengo yaliyoshuka ghorofa ya chini ikapotea na juu yake madirisha yakabaki yamepangana. Kasoro ni ileile, ila kule mtikisiko ulikuwa mkubwa mara nyingi kuliko tunaoutarajia. Hatuhitaji mtikisiko ule kuliangusha jengo lililozaliwa na ugonjwa ule.

Dawa yake ndizo kuta za zege alizozitaja kijana. Si kuta za kuzunguka nyumba nzima. Nne zinatosha kwa nyumba ya ukubwa huu, mbili kwa kila upande, zianze msingini na zipande moja kwa moja mpaka paa bila kuruka hata ghorofa moja. Zikae kwa mizani. Ukiziweka zote kwenye ngazi, na ngazi iko pembeni, jengo litajizungusha kama mlango kwenye bawaba, na nguzo za upande wa mbali ndizo zitakazoumia. Mbili zinaweza kukaa kwenye ngazi, nyingine upande wa pili, kwenye kuta za nyuma za maduka ambako hakuna anayehitaji mlango. Na kila ukuta uwe na msingi wa kuushika, kwa sababu nguvu ya ubavu inataka kuung'oa upande mmoja na kuukandamiza upande wa pili. Kwa kuwa msingi wenu umeshamwagwa, hapa ndipo penye gharama halisi, na hapa ndipo mmuulize kijana maswali: atauunganishaje ukuta mpya na msingi wa zamani, na ule msingi utapanuliwa kwa kiasi gani.

Kwa kuwa wewe ni mwalimu, nikwambie na hili, utalitazama skuli. Kwenye madarasa na mabaraza tuna tabia ya kujenga ukuta mpaka kiunoni baina ya nguzo, juu tunaacha wazi kwa ajili ya upepo. Ukuta ule unaibana nguzo. Nguzo iliyotakiwa kupinda kwa mita tatu inalazimika kupinda kwa mita moja ile iliyobaki wazi, na hukatika mshazari. Acha nafasi ya sentimita mbili au tatu baina ya ukuta na nguzo, uijaze kitu laini, na nguzo inapata uhuru wake. Ni kazi ya nusu siku.

Sasa ringi, vile vyuma vyembamba vinavyozungushwa kwenye nondo. Fundi wako hapa atanielewa kuliko yeyote. Nondo ndefu za nguzo hubeba mzigo, lakini ringi ndizo zinazozuia nondo zisitoke tumbo na zege lisimwagike. Jengo likitikiswa, nguzo huumia kwenye ncha zake, chini kabisa juu ya slabu na juu kabisa chini ya bimu. Pale, kwa sentimita 60 kila ncha, ringi ziwe kila baada ya sentimita 10, siyo 20. Ziendelee mpaka ndani ya maungio ya nguzo na bimu. Nakiri ni tabu kuzipitisha pale, na ndiyo maana huachwa. Niliwahi kupanda jengo moja mjini kukagua kabla ya kumwaga, nikakuta katika maungio kumi na nane hakuna ringi hata moja. Fundi alizikata ili nondo za bimu zipite, na kila mtu alidhani mwingine amekubali. Tulisimamisha kazi siku tatu. Na ncha za ringi zisikunjwe pembe mraba, maana zege la nje likibanduka zinafunguka kama ndoana iliyonyooka. Zikunjwe zaidi, ziingie ndani kuelekea moyo wa nguzo.

Kuunganisha nondo nako kuna mahali pake. Mafundi huunganisha pale pale juu ya slabu, kwa kuwa ndipo nondo za chini zilipoishia, na ndipo mahali pabaya. Ziunganishwe katikati ya kimo cha nguzo, zipishane sentimita 80 kwa nondo ya 16. Na katika bimu, angalau nondo mbili juu na mbili chini zipite moja kwa moja ndani ya nguzo bila kukatwa. Bimu pia isiwe na nguvu kuliko nguzo. Tukikosea, tukosee kwa bimu kupasuka: bimu iliyopasuka hukupa nafasi ya kutoka.

Kaka zako wanataka kujua gharama. Nimepiga hesabu ya ringi za ziada kwa jengo la mfano: nguzo 20, ncha mbili, ringi nne zaidi kila ncha, ghorofa nne. Ni ringi 640, na kila moja inakula mita 1.3 ya nondo ya milimita 8. Jumla mita 832, yaani nondo 70 za mita 12, kilo 330 hivi. Waulize bei ya dukani leo, wazidishe wenyewe, halafu walinganishe na bei ya vigae walivyochagua. Kunenepesha nguzo na kuongeza kuta kutagharimu zaidi ya hapo, hasa msingi, lakini nguzo zile zilitakiwa ziwe nene kwa ajili ya uzito tu.

Vipi kuhusu hesabu yenyewe? Usikubali kulipia zaidi ya inavyohitajika. Kwa jengo la mstatili, lililopangika, hesabu ya nguvu ya ubavu kama niliyoifanya hapa, ikifuatwa na kugawa nguvu kwa kila slabu na kuangalia kuta, nguzo na msingi, inatosha. Kurasa chache. Kama jengo lina umbo la herufi L, au ghorofa za juu zimetoka nje kuliko chini, ndipo uchambuzi wa kompyuta unaoangalia namna mbalimbali za kuyumba unapokuwa na maana. Ule wa kulisukuma jengo hatua kwa hatua mpaka livunjike kwenye programu, au wa kulilisha rekodi za matetemeko halisi, acheni kwa hospitali na majengo makubwa. Hospitali, kwa kanuni nilizozitaja, huhesabiwa kwa nguvu ya asilimia 40 zaidi ya nyumba ya kawaida, na ni haki, kwa kuwa siku hiyo ndiko tutakakokimbilia sote.

Neno moja kuhusu chumvi, kwa kuwa nimeona kazi nzuri ikiharibiwa nayo. Mchanga wa pwani usitumike kwenye zege lenye nondo, hata uoshwe kwa maneno matamu. Nondo itakula kutu, itavimba, itapasua zege, na baada ya miaka ishirini ringi zote nilizozililia zitakuwa unga mwekundu. Funika nondo kwa zege la sentimita 4 nje. Nyumba ya visiwani hupimwa kwa nguvu itakayobaki nayo siku ya tetemeko, na hiyo haiwi ile ya siku ya kukabidhiwa funguo.

Wapo watakaokwambia: mbona Mji Mkongwe umesimama? Umesimama, na una mengi ya kutufundisha. Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, vyumba vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazifiki mbali, nyumba zinaegemeana. Boriti zikiwa nzima na zimeingia vizuri ukutani, zinazifunga kuta mbili zisiachane. Lakini zikioza kwa maji ya paa, kuta hubaki peke yake, na ukuta wa mawe ulio peke yake hauna urafiki na msukumo wa ubavu. Beit al-Ajaib, lililojengwa 1883, lilianguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 likaua watu wawili, na siku ile ardhi haikutikisika hata kidogo. Nakumbuka miezi minne tu nyuma ardhi ilikuwa imetikisika, na watu walipouliza kama nyumba zetu za kale zingehimili, tulijibu haraka mno kwamba huku hakuna matetemeko.

Sasa la kufanya wiki hii. Fundi asifunge boksi za nguzo, zile mbao za kumwagia zege, kwanza. Mwite kijana na fundi wakae pamoja mbele ya nondo zilizosimama, si ofisini, na kijana amwoneshe kwa mkono pa kupitisha nondo za nyongeza: nguzo inaweza kunenepeshwa kwa kuzungushia nondo mpya zilizotiwa msingini kwa kutoboa na gundi maalumu, kisha ringi mpya zikazifunga za zamani na za mpya kwa pamoja. Fundi akiona kwamba kazi inafanyika, atakuwa wa kwanza kuilinda. Nimeliona hilo mara nyingi kwa mafundi wazima. Mwambie kijana akuandikie ukurasa mmoja wenye mambo manne: uzito wa jengo, mtikisiko alioutumia na sababu yake, udongo uliokutwa kwenye mashimo ya msingi, na njia ambayo nguvu ya ubavu inapita kutoka slabu ya paa mpaka ardhini. Akishindwa kuichora njia hiyo kwa kalamu mbele yako, basi hata yeye hajamaliza kazi. Na nipigieni picha ya ramani ya chini, yenye maduka na ngazi, nione kuta zile nne zitakaa wapi kabla hamjaagiza kokoto.